Halfan Singano na Picha ya Nyota

Leseni ya Halfan Mbwana Singano ya kuonyesha video katika mji mdogo wa Makambako ilitolewa na ofisi ya biashara ya Wilaya ya Njombe tarehe 4 Juni 1993. Ukumbi hakuwa nao. Alikuwa na televisheni moja, deki aliyoinunua Tunduma, jenereta lililounguruma kama mashine ya kusaga, na ghala la viazi alilolipanga ng'ambo ya reli. Ghala lile lilifagiliwa, likamwagiwa maji, likapakwa chokaa, na bado liliendelea kunuka udongo wa viazi vya Makete mpaka siku alipolihama.

Kabla ya hapo alikuwa utingo. Alitoka Muheza akiwa kijana, akazunguka na malori kati ya Tanga, Dar es Salaam na mpaka wa Zambia, na siku moja lori lao lilipoharibika Makambako alishuka kutafuta chai, akamkuta Somoe anaimimina. Lori lilitengenezwa likaondoka. Yeye alibaki, akamwoa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni za kunukia zilikuwa zimerudi madukani. Mitumba ilimwagwa kwenye maturubai kando ya barabara kuu, na watu wazima walichutama kuchagua makoti kana kwamba wanachambua maharage. Kila kilichopita Makambako, kiwe kinakwenda Mbeya, Songea au Dar es Salaam, kiliacha kitu. Dereva mmoja wa lori la Zambia aliacha kwa Halfan kanda ya video isiyo na jalada wala jina. Alisema ni ya mauaji. Alisema pia kwamba si nzuri sana.

Hakukosea. Waliotengeneza picha ile walikuwa na nyumba moja tu, wakaifanya nyumba tatu kwa kubadilisha mapazia. Ngazi iliyopandwa kwenda chumbani ndiyo hiyo hiyo iliyoteremkwa kwenda kituo cha polisi. Maiti ya mwanamke wa kwanza ilipepesa macho mara mbili. Kila baada ya muda kivuli cha kipaza sauti kilipita ukutani juu ya vichwa vya watu. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: tajiri amealika wageni nyumbani kwake, na miongoni mwao yupo mwanamke wa kilemba anayesoma nyota. Anawasomea kwa kadi mmoja mmoja mezani, na baada ya hapo wanaanza kufa mmoja mmoja. Mwishoni mwanamke yule anafunua kadi ya mwisho, anaonekana nge aliyechorwa, mkubwa kama kuku kwenye kioo cha televisheni, na muuaji mwenye nyota hiyo anajulikana kuwa ni daktari, mtu mpole aliyekuwa anawafunika maiti shuka.

Watu wa Makambako waliipa jina Picha ya Nyota, na kwa miezi tisa hawakutaka kuona nyingine Jumamosi.

Sababu ilikuwa Halfan. Yeye alisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akasema kila kilichosemwa na vingine vingi ambavyo havikusemwa. Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani. Kilimtosha kwa watu wa forodha na mafundi wa magari, ila cha mapenzi na mauaji hakukijua sana. Zaidi ya hapo jenereta lilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati, hatua chache kutoka alipo, na nusu ya maneno ya kwenye picha yalizama humo. Aliyoyasikia aliyatafsiri. Aliyoyakosa aliyajaza kwa anavyoijua dunia.

Kivuli cha kipaza sauti, kwa mfano, alikieleza kuwa ni mauti inapita kuchagua. Baada ya hapo kila kilipotokea ukumbi mzima ulivuta pumzi.

Na mwanamke wa kilemba alipomtazama mgeni wa kwanza na kufungua mdomo, Halfan hakuhitaji kusikia. Mjomba wake Muheza alikuwa mpiga falaki. Halfan alikulia kwenye baraza lake, akaona wafanyabiashara, wake wa maofisa na wachezaji wa mpira wakiketi mbele yake kwa unyenyekevu, na swali la kwanza lilikuwa lile lile kwa wote. Jina la mtu na jina la mama yake huhesabiwa herufi kwa herufi, hugawanywa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota. Kwa hiyo mwanamke yule alipouliza, Halfan aliuliza naye.

"Mama yako nani?"

Mgeni wa kwenye picha akajibu neno ambalo halikusikika.

"Rozi," alisema Halfan.

Mgeni wa pili akapewa mama aitwaye Meri. Wa tatu, aliyekuwa na tumbo kubwa, akapewa Magdalena. Kufikia Jumamosi ya tatu ukumbi ulikuwa unamtangulia. Mwanamke wa kilemba hajainua hata uso, watu kwenye mabenchi wanapiga kelele kwa pamoja, "Mama nani?", na Halfan anawaacha wangoje kidogo kabla ya kuwapa jina. Waliokuwapo, ambao leo wana wajukuu, bado wanaweza kuwataja mama wote wa Picha ya Nyota kwa mpangilio. Majina ya waigizaji hawayajui.

Mambo hayakuishia ukumbini. Mwenye duka kubwa karibu na stendi, Fahadi, mtu wa Kilwa mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alijua hesabu ya nyota na alikuwa hajapata mtu wa kumhesabia tangu ahamie nyanda za baridi. Sasa walikuja wenyewe. Wabena na Wakinga waliokuwa hawajawahi kusikia habari za falaki walisimama mbele ya kaunta, wakataja jina na jina la mama, na Fahadi akaandika kwenye karatasi ya kufungia sukari. Wewe Simba. Wewe Mizani. Wewe Ndoo, usifanye biashara ya nguo. Walicheka, wakanunua kiberiti, wakaenda zao.

Katika kucheka huko alimhesabia dereva wake mwenyewe. Fahadi alikuwa na Isuzu ya mizigo na abiria iliyokwenda Ludewa kupitia Mlangali, na aliyeiendesha alikuwa Lameki Chaula, kijana wa Makete, mwimbaji wa kwaya, asiyekunywa hata togwa iliyolala ikaanza kuchacha. Lameki, mama yake Ema. Ilibaki nane.

"Nge," alisema Fahadi, na akatazama karatasi tena.

"Kama daktari," alisema mtu nyuma. Wakacheka, na Lameki naye akacheka.

Walicheka hadi mvua za Machi. Isuzu iliteleza kwenye mteremko mmoja karibu na Mlangali, ikalalia ubavu mtaroni. Hakuumia mtu. Magunia manne ya maharage yalilowa. Magari mengine yaliteleza wiki hiyo hiyo mahali hapo hapo, lakini madereva wao hawakuwa na nyota iliyojulikana.

Magunia mawili kati ya yale yalikuwa ya Scolastika Haule wa Mlangali, aliyekuwamo garini, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, kiongozi wa akina mama waliokuwa wakileta maharage Makambako. Alipopanda yeye, walipanda wote. Jumatatu iliyofuata alifika stendi ya Makambako kurudi kwao, akaweka mzigo chini, akalizunguka gari lote taratibu kana kwamba analinunua.

"Kamwene, mama," Lameki alimsalimu. "Pakia, tunaondoka."

"Nani anaendesha?"

"Mimi. Si kila siku ni mimi?"

"Basi leo nitapumzika." Akaketi juu ya gunia lake. "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Unaimba vizuri, umelelewa. Lakini hata yule daktari alikuwa anafunika watu shuka."

"Mama, ile ni picha."

"Najua ni picha. Mtaroni sikuingia na picha."

Wenzake wakashusha mizigo mmoja mmoja. Isuzu iliondoka na abiria wawili na godoro. Jumatano iliondoka na godoro lililokuwa linarudishwa.

Alhamisi Fahadi alimwita Lameki dukani. Alisema bila ukali, akimtazama kidogo na kutazama pembeni zaidi.

"Hesabu yangu haina kosa, Lameki. Nimeirudia."

"Sijasema ina kosa, bosi."

"Gari haliwezi kwenda tupu. Jumapili utaniletea ufunguo. Nikipata mtu mwenye nyota nzuri nitamweka, na wewe tutaona huko mbele."

Lameki alikuwa na mke na watoto wawili katika chumba cha kupanga, na mke wake alikuwa mjamzito. Kazi ya udereva Makambako ilikuwa haipatikani mara mbili. Waliokuwa wanangoja usukani walikaa stendi kutwa nzima na leseni zao mfukoni. Unga ulikuwa unamwagika, na wa kulaumiwa alikuwa ng'ambo ya reli. Lameki alivuka akamkuta Halfan anasafisha kichwa cha deki kwa pamba.

"Halfani, wewe ndiye uliyeniletea huyu mdudu."

"Mdudu yumo kwenye kanda, ndugu yangu. Sikumchora mimi."

"Basi mtoe. Sema ni kaa. Sema ni jongoo."

"Watu wana macho. Ana mkia, anaonekana mpaka benchi la nyuma."

Somoe, aliyekuwa anaosha vikombe mlangoni, hakugeuka. "Mtu anafukuzwa kazi na wewe unasafisha deki," alisema. "Umeyasema wewe, wewe ndiye ujue pa kuyarudisha."

Ndipo Halfan alipomkumbuka mwalimu. Majuma mawili kabla ya hapo mwanamke mmoja kijana, Beatrisi Mgaya, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya Njombe, aliingia ukumbini kupoteza muda kwa sababu treni aliyokuwa anaisubiri ilichelewa. Ukumbi mzima ulipopiga kelele "Mama nani?", yeye alicheka. Alicheka peke yake, mahali ambapo hakuna aliyewahi kucheka. Wakati wa kutoka alimwuliza Halfan kwa upole, "Kaka, hawa mama umewatoa wapi?" Halfan aliona ni majivuno ya wasomi, akajibu kwamba wamo kwenye kanda.

Ijumaa asubuhi aliweka kanda kifuani ndani ya koti, akapanda gari la Lameki lililokuwa na nafasi tele, wakaenda Njombe.

Beatrisi aliishi na walimu wenzake katika nyumba ya shule yenye umeme, na mmoja wao alikuwa na deki. Hakumuuliza Halfan maswali mengi. Alimwekea chai, akafunga mlango kuzuia ukungu, akabonyeza.

Halfan alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi kuliko mtu yeyote katika Tanzania, na hakuwahi kuisikia. Sasa hapakuwa na jenereta. Kulikuwa na kinanda, kikipigwa polepole na mtu asiyeonekana. Kulikuwa na mvua nje ya ile nyumba, na saa ya ukutani, na mbwa wa jirani ambaye bila shaka hakualikwa. Tajiri, aliyempa kwa miezi tisa sauti nene ya mkuu wa kituo, alikuwa na sauti nyembamba ya mtu mwenye mafua. Halfan aliweka kikombe chini asije akakigonga.

Mwanamke wa kilemba aliinua uso, akauliza.

"Amesema nini?" aliuliza Halfan, ingawa safari hii alisikia.

"Amemwuliza kazaliwa tarehe gani."

"Na yeye?"

"Machi kumi na mbili. Ndiyo maana akampa Samaki. Kwao nyota inafuata tarehe ya kuzaliwa, kaka. Mama hahusiki."

"Wote?"

"Wote. Daktari kasema tarehe tisa Novemba."

Walitazama mpaka mwisho. Daktari alipokamatwa alisema maneno marefu, na Beatrisi alipoyafafanua, Halfan aliona kwamba yalikuwa ya kawaida tu. Yale aliyokuwa anamsemesha yeye yalikuwa bora. Alishukuru, akarudisha kanda kifuani.

Njiani kurudi alitaka kumwuliza Lameki kazaliwa lini. Mara mbili alifungua mdomo, akaufunga. Kama Lameki angesema Novemba, kazi yote ingekuwa bure, na kesho yake Halfan alihitaji sauti isiyotetemeka. Aliuliza habari za kwaya.

Jumamosi saa kumi jioni ghala lilijaa. Somoe alikuwa amekwenda mwenyewe stendi kumwalika Scolastika na wenzake, akawaketisha benchi la mbele bila kiingilio. Fahadi alikuja amevaa kanzu na koti, akapewa kiti. Lameki alisimama mlangoni, upande wa nje, kama mtu aliye tayari kuondoka.

Wageni walifika kwenye nyumba ya tajiri. Kivuli kilipita ukutani, watu wakavuta pumzi, na Halfan akakiacha kipite. Mwanamke wa kilemba akaketi.

"Mama nani?" ukumbi ulipiga kelele.

"Hakuulizwa mama," alisema Halfan kwenye kipaza sauti. "Kaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Kajibu Machi, kumi na mbili."

Mabenchi yakalia, watu wakigeukiana.

"Si ulisema Rozi?" aliuliza mtu.

"Nilisema. Nimekwenda Njombe nimemsikiliza vizuri. Hana habari na Rozi."

"Halfani, turudishie Rozi wetu."

"Na Magdalena yuko wapi?" akadakia mwingine. "Usituambie kafa."

Walizomea, wengine wakapiga miluzi. Halfan aliendelea, tarehe baada ya tarehe, na kila tarehe ukumbi ulizidi kuchoka, kwa sababu tarehe haina la kupigia kelele. Mzee mmoja alisimama akauliza yeye aliyezaliwa mwaka wa nzige ahesabiwe nini, nyota ya Panzi? Hapo walicheka, na baada ya kicheko wakaanza kuulizana. Katika ghala lile, waliojua siku waliyozaliwa hawakujaa benchi moja.

Kadi ya mwisho ilipofunuliwa na nge akatokea, Halfan alisimamisha kanda. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Nge alibaki kwenye kioo, akitetemeka kidogo.

"Huyu ni nge wa tarehe," alisema. "Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Novemba. Wa jina ni mwingine, na wa jina hakuua mtu humu ndani."

Fahadi alijikohoza. "Kwa hiyo hesabu yangu ni ya uongo?"

"Hesabu yako ni ya kweli, Bwana Fahadi. Ni ya kwetu. Lakini picha si ya kwetu."

Scolastika aligeuka kwenye benchi, na benchi zima likageuka naye. "We Lameki. Ingia ndani, usisimame kama mgeni. Ulizaliwa mwezi gani?"

Halfan alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mwezi siujui, mama," alisema Lameki. "Kadi ya kanisa ina mwaka. Ila mama anasema ilikuwa baridi kali."

"Makete?" alisema mtu gizani. "Huko hata Krismasi ni baridi kali." Ghala lilicheka.

"Nyamazeni," alisema Scolastika. "Baridi ya namna gani?"

"Ya jalidi. Anasema usiku ule shamba lote la viazi liliungua, majani yakawa meusi, na asubuhi nikazaliwa. Baba alikuwa hajui alie kwa lipi."

Scolastika hakucheka. Alikuwa mkulima, na alikuwa anafikiri.

"Jalidi ya kuunguza viazi ni Juni, ikichelewa ni Julai," alisema. "Novemba tunapanda mahindi, mvua inanyesha, jalidi itoke wapi? Huyu si nge." Akamgeukia Fahadi. "Jumatatu nitapanda. Lakini nitakaa mbele, nimwangalie anavyokanyaga breki."

Fahadi alizichana ndevu kwa vidole kwa muda. Mwenye gari hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba abiria wamerudi. "Basi ufunguo kaa nao," alimwambia Lameki.

Halfan akaiachia kanda, daktari akakamatwa, lakini wengi walikuwa wameshasimama.

Jumatatu Isuzu ilijaa. Jumamosi ghala halikujaa. Watu walikuja mara moja zaidi wakitumaini kwamba akina Rozi watarudi, wakakuta tarehe, wakanywa chai ya Somoe wakaondoka. Kijana mmoja alikuwa amefungua ukumbi mwingine karibu na stendi, wa picha za ngumi ambazo hazihitaji mtu wa kuzieleza, na huko ndiko walikohamia. Mtaani walimwita Halfan kwa utani "Machi Kumi na Mbili." Hakukasirika. Wapo waliomshauri arudishe mama, atie chumvi kama zamani, nani atajua? Aliwajibu kwamba akimrudisha Rozi, na nge wa Lameki atarudi naye.

Alichokosa zaidi hakikuwa umati. Alimwambia Somoe kwamba ni ile nafasi ndogo, kati ya watu mia moja kuuliza na yeye kujibu, wakati ghala zima lilikuwa linamngoja. Somoe alisema yeye anakosa vikombe vyake kumi na viwili vilivyopotea enzi hizo.

Mwezi wa Mei Lameki alipita kuwasalimu, akataja kwamba Mlangali hakuna video hata moja, na kwamba Mama Scolastika ana ghala la maharage ambalo baada ya mavuno huwa tupu. Mazungumzo hayakuwa marefu. Jumatatu ya tarehe 27 Juni 1994, asubuhi, Halfan alifunga televisheni kwa mablanketi mawili, akaipakia pamoja na deki, jenereta na mabenchi kwenye Isuzu ya Fahadi, Somoe akaketi mbele na beseni la vikombe mapajani, na Lameki akawaendesha kwenda Mlangali, ambako Halfan alionyesha picha kwa miaka sita iliyofuata.